Kuku wa Mayai wa Kufuga Uani Mombasa: Namna ya Kuchagua Aina Inayokufaa

Ukiuliza sokoni Kongowea kuku gani anataga zaidi, utajibiwa upesi: ISA Brown. Jibu hilo ni la kweli, ila aliyekujibu hajauona ua wako. Hajui kama una mwembe wa kivuli au una sakafu ya saruji inayowaka moto tangu saa nne asubuhi, wala hajui kama maji yako ni ya bomba au ya kisima cha chumvi. Kuku wa mayai huchaguliwa kwa mahali atakapoishi, kwa atakayemlisha, na kwa joto atakalolistahimili. Jina la aina hufuata baadaye. Mpangilio wa mwongozo huu ni huo, na umeandikwa kwa mtu anayetaka kuku kati ya watano na thelathini nyuma ya nyumba yake, mayai ya nyumbani kwanza, ya kuuza yakibaki.

Hatua ya 1: Utazame ua, usimtazame kuku bado

Nyumba ya Majengo au ya Mji wa Kale ina ua uliozungukwa na kuta, na upepo huingia kwa taabu. Utange, Mtongwe na sehemu za Mikindani bado utakuta viwanja vyenye minazi na majani. Tofauti hiyo peke yake inagawa kuku mafungu mawili: wale wa kukaa bandani na kulishwa kila kitu, na wale wa kuzurura wakijitafutia. Aina iliyo bora kwenye fungu moja huwa hasara kwenye fungu la pili.

Nenda uani saa nane mchana, jua likiwa kali, uone kivuli kimeangukia wapi. Hapo ndipo pa kujenga banda. Pande zake ndefu ziangalie kaskazini na kusini, ziwe wazi kwa waya, ili jua lisipige ndani moja kwa moja na banda lipate upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi. Makuti ni bora kuliko bati. Ukilazimika kutumia bati, lifunike kwa makuti juu yake. Kwa joto letu hesabu kuku wanne kwa kila mita mraba moja ya sakafu. Kubana watano au sita huenda kukafaa Limuru, si hapa.

Onja maji pia. Maji ya chumvi huharibu ganda la yai, likawa jembamba na kupasuka mkononi, na kwa kuku wanaotaga sana kasoro hiyo huonekana haraka. Ikiwa nyumba nzima inategemea kisima cha chumvi, tenga maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kuku. Kuku kumi hunywa lita mbili na nusu hadi tano kwa siku kulingana na joto, kwa hivyo si mzigo mkubwa.

Halafu kuna kunguru. Ndege hawa wa Bara Hindi wamejaa mji mzima kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja nchini. Kunguru huchukua kifaranga mbele ya macho yako na kudonoa yai kwenye kiota cha wazi. Anayetaka kuku wa kuzurura na kulea vifaranga uani lazima awe na kizimba chenye wavu hata juu. Kama huwezi, nunua kuku wakubwa usilee vifaranga kabisa.

Hatua ya 2: Anza na mayai, urudi nyuma hadi idadi ya kuku

Tuseme nyumba yako inataka trei moja kwa wiki, yaani mayai 30. Kwa mwaka ni mayai 1,560. Hesabu hiyo ukiigawanya kwa kiasi ambacho kila aina hutaga katika mazingira ya nyumbani, unapata picha ambayo muuzaji hatakuchorea:

- ISA Brown, mayai kama 260 kwa mwaka: kuku 6.
- Kienyeji walioboreshwa, kama 190: kuku 8 au 9.
- Kuroiler (chotara wa nyama na mayai), kama 150: kuku 10 au 11.
- Kienyeji asilia, kama 50: kuku 31.

Sasa ingiza chakula. ISA Brown hula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Sita wao watakula kama gramu 720, na gunia la kilo 70 litawachukua zaidi ya miezi mitatu. Kuku 31 wa kienyeji, hata ukiwapa gramu 100 tu kila mmoja, watalimaliza gunia hilohilo ndani ya wiki tatu na siku chache. Trei ni ileile moja.

Hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapopotea. Husikia kienyeji hana gharama, nao wanamfungia ndani ya ukuta. Kienyeji hana gharama pale anapojilisha mwenyewe: mchwa, mbegu, majani, makombo ya majirani. Ukimfunga na kumnunulia chakula, kila yai lake hugharimu chakula mara nne au tano ya yai la ISA Brown. Mwenye ua wa kuta asidanganywe na bei nafuu ya siku ya kununua.

Hatua ya 3: Joto la Mombasa liingie katika uchaguzi

Kuku hujisikia vizuri kwenye nyuzijoto 18 hadi 24. Hapa, Februari na Machi, mchana hufika 32 au 33, unyevu umejaa hewani, na usiku haushuki vya kutosha kumpumzisha. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kutweta, na hewa ikiwa nzito kwa unyevu kutweta hakumsaidii sana. Akitweta sana hupoteza hewa ya kaboni, damu yake hubadilika, na madini ya kutengeneza ganda hupungua. Hamu ya kula nayo hupotea. Matokeo yake ni mayai machache, madogo, yenye ganda la kuvunjika kwa kidole.

Kwa hiyo tafuta kuku mwenye mwili mwepesi, undu mkubwa kichwani (damu hupita pale na kupoa), na rangi isiyokuwa nyeusi kama atakaa juani. Kuku mnene wa kilo tatu huteseka Machi kuliko wa kilo mbili, hata wakilishwa sawa.

Pwani tuna hazina ambayo wafugaji wa gredi, yaani kuku wa kisasa kama ISA Brown, huicheka: kishingo, yule wa shingo tupu. Tabia hiyo ni ya kurithi na humpunguzia kuku manyoya kwa kiasi cha asilimia 20 hadi 40 ya mwili mzima, si shingoni pekee. Joto hutoka kwa urahisi. Tabia hiyo ina nguvu kwa uzazi: mzazi mmoja akiwa nayo kikamilifu, vifaranga wote huzaliwa na shingo tupu hata kama mzazi wa pili ana manyoya kamili. Mwenye nafasi ya kuangulisha anaweza kumpandisha jogoo wa kishingo kwa matetea wa kienyeji walioboreshwa na kupata kuku wanaotaga vizuri kuliko kishingo wa kawaida, na wanaolivumilia jua kuliko mama zao. Kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja kwa nje, naye hupata nafuu ya namna hiyo, ila si kwa kiasi hicho.

Hatua ya 4: Aina zenyewe

*ISA Brown na Lohmann Brown.* Wa kwanza asili yake Ufaransa, wa pili Ujerumani. Ni chotara waliotengenezwa kwa kazi moja tu, kutaga. Huanza wakiwa na wiki 18 hadi 20, mayai ya kahawia, na ni wapole. Mtoto anaweza kuwaokotea mayai bila kudonolewa. Vipeperushi huahidi zaidi ya 300 kwa mwaka, na ahadi hiyo hutimia katika mashamba yenye joto la wastani, chakula kilichopimwa, na mwanga wa saa 16.

Hilo la mwanga lisipite hivi hivi. Kuku wa kutaga anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 ili atage kwa uwezo wake wote. Sisi tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, siku ya Mei na ya Desemba karibu hazitofautiani. Taa ndogo iwashwe bandani saa tisa au kumi usiku hadi kukuche. Jioni giza liingie lenyewe ili kuku wapande vitandani mwao kwa utaratibu. Usianze kabla ya wiki ya 18, la sivyo watataga mapema mno, mayai madogo, na wengine watatokwa na nyama ya nyuma. Asiyetaka habari ya taa apange 240 na aridhike.

Kasoro ya kuku hawa ni kwamba hawasamehi. Kosa chakula siku mbili, au punguza nguvu yake kwa kumwaga machicha ya nazi na ukoko wa wali kila siku, mayai hukatika. Makombo yasizidi sehemu moja ya tano ya wanachokula. Machicha yawe ya siku ileile, kwa sababu yakivunda huota kuvu. Hawatamii, kwa hivyo usingoje vifaranga kwao. Na hata ukiyaangulisha mayai yao kwa mashine, watoto hawatataga kama mama zao.

Kwa ua wa kuta, wenye kivuli na maji mazuri, hawa ndio kuku wangu wa kwanza kuwapendekeza, na sita wanatosha nyumba.

*Kienyeji walioboreshwa.* Wanaojulikana zaidi nchini ni wale wa taasisi ya utafiti ya KALRO, zamani KARI, kituo cha Naivasha. Wakilishwa vyema hupita mayai 200 kwa mwaka, huanza wakiwa na miezi mitano hivi, na rangi zao ni mchanganyiko: weusi, madoadoa, wekundu. Mapora yao, yaani majogoo machanga, yana soko. Wanajitafutia uani bila kulemaa kama gredi, na siku ukichelewa kuwapa chakula hawakasiriki sana. Kutamia kwao ni kwa bahati. Kwa kiwanja cha Utange au Mtongwe chenye majani kidogo, ningewachagua hawa kabla ya ISA Brown. Hesabu ya gunia iko juu kidogo, lakini vifo ni vichache, na mnunuzi wa yai la kienyeji hulipa zaidi.

Tahadhari moja: jina “kienyeji iliyoboreshwa” limekuwa kikapu cha kila kitu. Vifaranga wa rangi rangi barabarani wanaweza kuwa chotara wa chotara, mzazi wake hajulikani. Uliza waliangulishwa wapi, mama zao ni kuku gani, na kama walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek siku ya kwanza. Asiyejua majibu usinunue kwake, hata kama ni jamaa yako.

*Kuroiler, Sasso, Kenbro, Rainbow Rooster.* Nawaweka fungu moja kwa makusudi. Wote ni kuku wa kazi mbili walioelemea upande wa nyama. Kuroiler alitengenezwa India na kampuni ya Kegg Farms, Sasso ni wa Ufaransa. Ni wazuri kwa anayetaka jogoo wa kilo tatu wa sikukuu. Kwa mayai ya Mombasa siwapendekezi: mwili mkubwa unakula hadi gramu 140 kwa siku, joto la Machi linawaumiza, na trei ileile inakuhitaji uwe na kuku karibu maradufu. Anayekuuzia Kuroiler kama kuku wa mayai anakuuzia nyama.

*Leghorn mweupe.* Kwa joto, huyu ndiye angefaa kuliko wote: mwepesi, undu mkubwa, mweupe, hula kidogo, mayai meupe mengi. Si rahisi kumpata siku hizi. Na ni mwoga, huruka ukuta wa mita mbili kama hauoni, kwa hivyo mkate manyoya ya bawa moja au uezeke wavu juu. Ukimpata kwa mtu wa kuaminika, mchukue.

*Rhode Island Red, Light Sussex, Australorp.* Aina safi za zamani, mayai 180 hadi 250. Uzuri wao ni kwamba watoto wanafanana na wazazi. Australorp ni mweusi na mnene, hafai jua letu. Wengine wawili ni wa mpenzi wa kuku kuliko wa mtafuta mayai.

*Kienyeji asilia.* Hutaga mayai 10 hadi 15, hutamia, hulea, na huanza tena. Mizunguko mitatu au minne kwa mwaka. Kama mtagaji peke yake haoni ndani. Kama mama hana mshindani. Mwenye kienyeji walioboreshwa na hana mashine ya kuangulia aweke koo mmoja au wawili wa kienyeji na kuwawekea mayai ya wenzao. Kuchi usimwingize humo. Ni kuku wetu wa fahari, mrefu wa Lamu na visiwa vyake, lakini ni mpiganaji na mayai yake ni ya kuhesabu, na atawafukuza ISA Brown kwenye chakula hadi wakonde.

Rangi ya ganda haina habari na chakula kilichomo. Kiini cha njano iliyokolea, ambacho wapishi wa mkate wa mayai hukisifu, hutokana na majani: mchicha, sukuma wiki na majani mabichi mengine. Hata ISA Brown atakupa kiini hicho ukimkatia majani kila siku.

Hatua ya 5: Chagua mwezi

Wengi huruka jambo hili. Kuku anayeanza kutaga Februari anakutana na joto kali siku anayotakiwa kupanda hadi kilele chake. Pokea vifaranga Desemba au Januari. Joto la msimu huo linakusaidia kuwalea, kwani wiki ya kwanza wanataka nyuzijoto 32 hadi 35, na mchana Mombasa iko karibu na hapo tayari. Usiku balbu moja inatosha kwa kikundi kidogo, jiko la makaa halina haja. Watafika wiki ya 20 Mei au Juni, kusi inavuma, mvua ya masika inaelekea ukingoni, na miezi ya baridi yetu ya Julai na Agosti itawakuta wakiwa kileleni.

Hatua ya 6: Kununua bila kutapeliwa

Vifaranga wengi hutoka bara na hufika kwa basi la usiku. Omba wafike alfajiri, wapokee mwenyewe, wape maji yenye glukosi kabla ya chakula.

ISA Brown wana alama nzuri: kifaranga wa kike ni wa rangi ya kahawia, wa kiume ni mweupe wa manjano hafifu. Boksi la “majike” lenye weupe ndani lirudishe. Kienyeji walioboreshwa huuzwa bila kutenganishwa, nusu watakuwa majogoo. Ukitaka majike tisa, nunua vifaranga ishirini.

Anayenunua tembe, yaani jike linalokaribia kutaga, achunguze zaidi, kwa maana kuku waliochoka mashambani husafishwa na kuuzwa kwa bei ya tembe. Tembe wa ISA Brown ana miguu ya njano iliyokolea; kutaga kwa muda mrefu huifanya miguu kupauka. Manyoya yake ni laini na kamili, si yaliyovunjika mkiani. Undu ni wa waridi unaoanza kuwa mwekundu. Papasa mifupa miwili chini ya mkia: vidole viwili vikiingia kati yake, yuko karibu kuanza. Midomo iliyokatwa ncha isikutishe, mashamba ya gredi hufanya hivyo.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni wa bandani kwako hapaswi kukosa kizimba chake peke yake kwa wiki tatu, mbali na wenyeji, hasa akitoka sokoni. Ugonjwa wa kideri (Newcastle) huingia nyumba nyingi kwa njia hiyo. Changanya usiku, wakiwa wamelala, na wa umri unaokaribiana. Jogoo hana kazi kwa mayai ya kula. Majirani wa Tudor watakushukuru ukimwacha.

Hatua ya 7: Chanjo na chakula kulingana na aina uliyochagua

Aina zote, hata kienyeji, zichanjwe dhidi ya kideri na gumboro, kwa tarehe utakazopewa na daktari wa mifugo wa wadi yako, na ndui isisahaulike, kwa kuwa mbu huieneza na Mombasa haina uhaba wa mbu. Chanjo ibebwe ndani ya barafu kutoka agroveti hadi nyumbani.

Chakula cha vifaranga kifike wiki ya 8, cha kukulia hadi wiki ya 18, kisha cha kutagia chenye protini asilimia 16 hadi 18. ISA Brown na Lohmann hawawezi kuishi kwa pumba na makombo. Wawekee pia makombe ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo kando, wajichukulie. Wakati wa joto lisha alfajiri na jioni, usilishe mchana. Omena ikizidi, yai hunuka samaki.

Hatua ya 8: Panga warithi

ISA Brown hutaga vizuri kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha hushuka. Vifaranga wapya waagizwe miezi mitano kabla ya kuwaondoa wazee, ili trei isikatike, na hasa usiruhusu pengo hilo liangukie Ramadhani, wakati mayai ya uani huisha kabla ya adhana ya magharibi. Kienyeji walioboreshwa huvuta mwaka wa pili na zaidi, ingawa kwa kupungua.

Kuku aliyestaafu naye aingie kwenye hesabu tangu siku ya kununua. ISA Brown mzee ana nyama kidogo, ngumu, inayotaka moto mdogo wa saa mbili kwenye tui, na mnunuzi atakupa bei ndogo. Kienyeji aliyeboreshwa wa umri uleule hununuliwa kwa bei nzuri zaidi, hasa karibu na Idi, na kwa mwenye kiwanja tofauti hiyo hulipa sehemu ya gunia la kundi linalofuata.